Mpira Niliouacha Upite

Dada Justine,

Jumapili tunacheza mechi ya kwanza ya msimu, na kabla sijavaa glovu nina jambo ulilopaswa kulisikia kutoka kinywani mwangu ukiwa hai. Nimelibeba tangu Machi. Nililibeba hadi kanisani siku ya kukuaga, nikarudi nalo nyumbani. Sasa wenzetu wote wanalijua, hata wale wa Hjulsta wanalijua, ila wewe. Si haki.

Lile bao la mwisho la Hjulsta nililiachia.

Basi. Nimeandika. Ngoja nipumue kidogo.

Unakumbuka siku ile tulivyokuwa. Timu sita kwenye ligi yetu ya kina dada wa Afrika Mashariki huku kwa Waswidi, sisi wa mtaa wa Norsborg na wao tukiwa mkiani kwa pointi sawa. Kwa wingi wa mabao, sare ilitutosha kuwaacha chini. Bao moja kwa moja, dakika mbili zimebaki, wewe kocha wetu umesimama pale pembeni na koti lako la kazi kwa sababu ulitoka moja kwa moja kuendesha treni. Mama Leila wao akapiga mpira dhaifu, ukaja unatambaa sakafuni. Niliuona tangu unatoka mguuni kwake. Ningeweza kuudaka nikiwa nimesinzia. Nikapiga goti, nikachelewesha mikono, nikaacha nafasi katikati ya magoti. Ukapita. Nikalala kifudifudi kwenye sakafu ya ule ukumbi wa shule, na kila mtu akadhani ninalia. Nilikuwa ninaficha uso.

Sababu yangu ilikuwa Divine, yule Mrundi aliyehamia hapa kutoka Göteborg. Nilikuwa nimemwona akicheza na watoto wa jirani kule mtaa wa Tumba, mara moja tu, nikarudi nyumbani sina usingizi. Nilisikia amejiandikisha kwa msimu huu. Na kanuni inasema anayeshika mkia ndiye anayechagua kwanza.

Kanuni yako, Dada. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kabla yako kila nchi ilikuwa na timu yake, na kila Kenya wakicheza na Tanzania watu hawasalimiani mpaka Pasaka. Wewe ndiye uliyesimama ukasema majina yaingie kwenye orodha moja. Kila timu ibaki na wachezaji wake watano, wengine wachaguliwe kwa zamu, jina moja moja, na timu dhaifu ianze. Wakenya walikutania, "Mganda gani huyu wa kutufundisha siasa kwa Kiswahili?" Ukawaambia Kiswahili chako ulikiokota Nairobi ukiwa mtoto wa wakimbizi, na mtu hutunza alichookota kuliko alichorithi. Kisha ukasema, "Mnyonge apakuliwe kwanza." Wakapiga makofi.

Mimi nikajifanya mnyonge ili nipakuliwe.

Hesabu yangu niliiona nyepesi. Timu ikishika mkia misimu mitatu mfululizo inavunjwa, wachezaji wake wanagawanywa. Mwaka wa kwanza tulikuwa tumeshashika. Nikasema, tushike tena huu wa pili, tumpate Divine, na wa tatu hatutashika kamwe. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungesemaje. Sikumwambia hata Nasra, ambaye ananiambia mpaka mambo ya mume wake.

Jioni ile ukatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi. "Wadada zangu, msimlaumu Zuhura. Ametoka zamu ya asubuhi kwa wazee, hajala, mimi nikamweka golini dakika zote. Kosa ni langu. Naomba mnisamehe." Wenzetu wakakujibu maneno mazuri. Mimi nikakujibu kwa kile kialama cha moyo mwekundu. Moyo, Dada. Ndicho nilichokutumia.

Kesho yake ukaja mlangoni kwangu na maharage na chapati ndani ya kopo la aiskrimu. "Kipa asiyekula ndiye anayefungwa," ulisema, ukakaa jikoni mpaka nikamaliza. Nilimeza kila kitu. Kisha ukauliza, ukiwa unatazama nje dirishani, kama labda umezeeka, kama timu inahitaji macho mapya. Mlango ulikuwa wazi kabisa wa kusema. Nikasema, "Hapana, Dada," nikaosha kopo lako nikakurudishia.

Wiki tatu baadaye moyo wako ulisimama ukiwa unapanda ngazi za nyumbani na mifuko ya sokoni. Na hapa, unajua, mazishi husubiri. Siku zile zote za kusubiri nilikuwa najiambia nitasema kwenye jeneza, kimyakimya, angalau. Nilipofika mbele nikanyoosha tu ile jezi waliyokulaza nayo, kola yake ilikuwa imejikunja. Binti yako Miriam akaniomba niseme neno kwa niaba ya timu. Nikasema ulikuwa kocha mwema. Nikakaa.

Kuna vitu vidogo vinanijia nikiwa kazini, ninapowageuza wazee vitandani. Siku ile nimepanda treni yako bila kujua, baada ya kutaja kituo ukaongeza kwa Kiswahili, polepole kama tangazo rasmi, "Kipa, umesahau glovu zako kwangu." Mzee mmoja Mswidi akaitazama simu yake kana kwamba ndiyo iliyosema. Nilicheka mpaka mwisho wa reli. Au ulivyokuwa ukimenya machungwa kabla ya mechi, unayapanga, halafu unakula nusu mwenyewe kwa wasiwasi kabla ya mapumziko.

Agosti, Miriam alinipa karatasi zako. Alikuwa anasafisha chumba. Miriam, unamjua, Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu na chakula, lakini alinishikisha zile karatasi kwa mikono miwili kama ulivyomfundisha. Wenzetu walikuwa wamenipa mimi kazi ya kuchagua wachezaji kwa niaba yako. Nani mwingine? Nilikuwa ndiye niliyekaa nawe karibu zaidi.

Nilizijua karatasi hizo kwa sura tu. Makocha wengine walikuja kutazama wachezaji wakiwa na saa za kupimia mbio, wewe ulikuja na kalamu na kuuliza zamu. "Usiniambie anafunga mangapi," ulikuwa ukisema. "Niambie Jumapili saa nane yuko wapi." Nilidhani ni utani wa dereva wa treni. Sasa nikaona mistari yako: fulani anafanya usafi hospitalini wikendi moja kwa mbili, fulani mumewe haangalii watoto, fulani akifokewa hucheka, huyu tumtake. Timu mbovu, uliandika pembeni, inajengwa kwanza na watu wanaofika.

Kwenye karatasi ya mwisho kulikuwa na orodha ya msimu huu. Divine ulikuwa umemwandika wa saba. "Anacheza vizuri mno. Jumapili tatu kati ya nne yuko jikoni hotelini. Atatuvunja moyo bila kutaka." Wa kwanza ulikuwa umemwandika Furaha, yule Mkongomani wa Bukavu, miaka thelathini na minane, beki, ambaye msimu uliopita alikaa benchi Tumba. Mbele ya jina lake: "Hakosi. Ana gari la viti saba. Hakuna anayemtaka, tutampata hata tukichagua wa mwisho."

Hata tukichagua wa mwisho.

Nilikaa na sentensi hiyo mezani. Kwa hiyo ule mpira niliouacha haukuwa na kazi hata kwenye mpango wako. Ningeudaka, tungepanda, hesabu ya mikia ingefutwa, na Furaha angekuwa wetu vilevile. Badala yake nilikuachia wewe lawama, na timu nikaiachia shimo. Tukishika mkia tena mwaka huu, Norsborg haipo. Jina ulilolipigania linafutwa kwa sababu yangu, na watu watasema liliisha kwa sababu kocha alikufa.

Siku ya kuchagua tulikutana Tumba, kwenye kile chumba cha chama karibu na kituo. Kahawa, mikate ya mdalasini, kila mtu na koti lake kwenye kiti. Divine alikaa dirishani, mpole, anakula mkate taratibu. Mwenyekiti wetu Wanjiru akagonga kikombe kwa kijiko, akafungua kompyuta aandike muhtasari, akasema, "Norsborg mnaanza. Jina?"

Wote wakamtazama Divine. Nasra alinifinya paja chini ya meza, "Sema, sema." Na mimi nilikuwa na karatasi yako mfukoni. Ningeweza kumtaja Divine, tukapata mabao tunayoyahitaji hata kwa Jumapili chache. Ningeweza kumtaja Furaha, nikajiona nimekutii, na siri ikabaki. Nilifungua mdomo bila kujua ni lipi litatoka.

Nikasema, "Hatustahili kuanza. Lile bao la Hjulsta nililiachia makusudi."

Kisha Mama Leila akaweka kikombe chini. "Yaani bao langu moja la msimu mzima," akasema, "nalo ni la msaada?" Watu wakacheka, hata mimi kidogo, halafu kicheko kikakatika kwa sababu Nasra hakuwa anacheka.

Wanjiru akasema, "Sasa mimi hapa naandika nini? Muhtasari hauna mahali pa kitu kama hiki."

Nasra akaniangalia. Aliongea chini sana. "Kocha alituomba msamaha. Sisi. Alituomba sisi msamaha kwa ajili yako, na wewe ulikuwemo kwenye kundi." Akachukua koti akatoka. Nilimwona kupitia dirisha amesimama kwenye jukwaa la kituo, treni ikaja ikaondoka bila yeye kupanda.

Walijadiliana. Waliamua matokeo ya msimamo yabaki, kwa hiyo mikia yetu miwili iko palepale, na sisi tuchague wa mwisho katika kila mzunguko. Sikupinga. Hjulsta wakamchukua Divine, wakashangilia kama wameshinda kombe. Yeye akaniangalia akanyanyua mabega, kama anayesema pole. Yakapita majina mengine manne. Zamu yetu ilipofika Furaha alikuwa bado hajachaguliwa, kama ulivyoandika. Nikamtaja. Akageuka nyuma kuangalia kama kuna Furaha mwingine. "Miye? Mumekosa batu?" akauliza kwa Kiswahili cha kwao, kana kwamba watu wengine wameisha. Nikamwambia kocha wetu alimtaka yeye kwanza, kabla ya wote. Aliniuliza mara mbili kama ni kweli. Kisha akavaa miwani yake akaanza kuandika saa za mazoezi.

Nilimpigia Miriam siku iliyofuata. Nilitaka asikie kwangu, si kwa watu. Alinijibu kwa Kiswidi kwamba wiki ile baada ya mechi ulikuwa unakaa mezani na vifuniko vya chupa, unavisogeza kama wachezaji, unatafuta ulipokosea. Alijaribu kukuambia ulale. Halafu akasema asante kwa kumwambia, akakata. Hajanipigia tena, wala sina haki ya kumlaumu.

Vifuniko vya chupa. Hilo sikulijua, Dada. Ningekuwa nalijua, sijui. Nataka kuandika kwamba ningekuja mbio usiku uleule. Labda ningetuma moyo mwingine.

Nasra alirudi mazoezini. Alinipa glovu bila kunitazama, akasema, "Utadaka kwa sababu hatuna mwingine. Usije ukadhani ni msamaha." Nikasema sawa. Ni sawa kweli. Anapiga mashuti makali kuelekea kwangu siku hizi, makali kuliko ya adui, na mimi namshukuru kimoyomoyo.

Furaha hakosi. Anapita kuchukua watu, mmoja anakaa Hjulsta kabisa, anazunguka jiji zima na lile gari linalonuka samaki wakavu, anafika na wanne. Wiki iliyopita tulikuwa kumi mazoezini. Mwaka jana uliwahi kutufundisha tukiwa watatu, ukajifanya hukuona. Hatufungi mabao, sitakudanganya. Lakini nyuma tumeshikana, na Furaha anapiga kelele za lugha ya kwao na Kifaransa ambazo hakuna anayezielewa na sote tunazitii. Ulikuwa sahihi kuhusu jinsi ya kujenga timu. Nimelijua hilo kwa kuibomoa.

Sikuombi msamaha. Ulishanisamehe mara moja kwa uchovu ambao sikuwa nao, na msamaha ule nakurudishia, haukuwa wangu. Kama huko uliko mtu huweza kukasirika, nikasirikie. Nimeona afadhali ukasirike na mimi kuliko uendelee kujilaumu.

Sijui kama Norsborg itafika Aprili, msimu ukishaisha. Tunaweza kuvunjwa hata tukicheza vizuri, na tukivunjwa nitasimama mbele ya wenzangu niseme ni kwa sababu yangu, wala si yako. Pumzika, Kocha wangu. Acha kuvisogeza vile vifuniko, makosa hayakuwa pale.

Nami nakuahidi kitu kimoja tu, maana zaidi ya hicho ningekuwa najisifu: kila mpira utakaokuja golini kwangu nitauendea, hata siku ambayo kuukosa kungetufaa.

Zuhura, kipa