Birika la Mzizi Mtamu

Baba,

Mzizi wako mtamu bado upo hapa Malangali, ule wa Kichina aliokuletea Baba Mdogo kutoka gulioni Chala. Wewe hupo. Sijui nimkasirikie nani, basi nakuandikia wewe.

Nilikusomea, Baba. Karatasi ya ndani ya pakiti ilikuwa na Kichina na Kiingereza, ukanipa, ukasema, haya mama, soma. Nikasoma: mwenye presha asitumie. Nilisema kwa sauti yangu hii ya chinichini, lakini ulisikia, maana ulicheka. "Nakusomesha unisaidie, siyo unitishe." Ukatafuna kipande kama muwa. Vidonge vyako vya presha vya hospitali ukaviacha juu ya kabati, eti vinakuchosha. Kila asubuhi Mama akakuchemshia mzizi kwenye birika la kijani, na kwa baridi yetu hii ulifurahi, ukauita chai isiyodai sukari.

Msibani Baba Mdogo aliwaambia watu, "Kaka alichelewa kuanza dawa, ndiyo tatizo." Wakaitikia. Wengine wakamuulizia pakiti. Msibani kwako, Baba. Mimi nilikuwa nawanawisha watu mikono, nikaendelea kumimina maji.

Sasa Mama naye ana presha. Nesi amempa vidonge. Lakini alikuwa anakunywa mzizi wako, eti usiharibike.

Jumapili baada ya misa Baba Mdogo alikuja, nikasimama na ile karatasi. Nilisoma Kiingereza, nikasema Kiswahili, nikamalizia na Kifipa ili Bibi asije akasema hakuelewa. Baba Mdogo akacheka kama wewe, akasema sekondari zinatuharibia watoto. Mama hakucheka. Aliniuliza polepole, "Kwa hiyo ni mimi niliyemchemshia?"

Ungekuwepo ungejibu wewe, maana wewe ndiye uliyeambiwa. Hilo ndilo linaloniuma. Ulikufa ukamwachia Mama swali lako.

Leo asubuhi birika lilikuwa na maji matupu. Tumeyanywa hivyohivyo, ya moto.

Pumzika, Baba. Sijakusamehe bado, nikisema nimekusamehe nitakuwa nadanganya. Ila vidonge Mama atameza, nitakaa mbele yake mpaka vishuke. Na akiniuliza tena, nitamwambia alikuchemshia kwa sababu ulimwomba.

Mwanao.