Nilisema Bibi Arusi Hana Mutu

Jumatatu, saa saba ya mchana. Upepo ya Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi, imeamuka mubaya leo, vumbi inaingia mpaka ndani ya chumvi. Gloire, mutoto yangu, amelala, amekumbatia sapatu moja. Mi niko na dakika kama makumi mbili, na neno moja mu kifua ambayo siwezi kumuambia mutu. Basi nakuambia wewe, shajara yangu, na ninyi bachache mnaosomaka hapa bila kuandika jina.

Majina ya bantu nimebadilisha yote. Ya kuku nimeacha.

Nilidanganya.

Nilidanganya kidogo tu, na uongo yangu ilipanda gari ikanifuata mpaka Lilongwe.

Nianze vizuri. Mi ni fundi wa kushona, masomo niliishia darasa la sita. Mwaka hii nashonea kikundi yetu. Kikundi ni jina kubwa, tuko bantu bane. Aline, mwanamuke Murundi, anapiga gitaa na kutunga nyimbo. Innocent, kinyozi wa hapa soko, njo anatunga michezo ya kuigiza. Lakini akivaa gauni, wigi na rangi ya mudomo, Innocent anaenda zake na Madame Vitamine anafika. Wa mwisho ni Chisomo, Mumalawi wa Kawale, mutaa ya Lilongwe, mwenye kamera na mwenye uwanja uliozungushwa ukuta murefu. Chisomo anasema kazi ya Madame inaitwa drag. Sisi tunasema tu: Madame amefika, toeni kiti.

Bane wote tunapenda bale hatuna ruhusa ya kupenda. Hapa mambo yetu haisemwe kwa sauti. Aline mu simu yangu nimemuandika "Fundi wa Gitaa". Nafikiri mumeelewa.

Filimu yetu ilikuwa hivi: bibi arusi amevaa, anangojea, viti viko tupu, hakuna mutu anakuja. Mwisho anajiimbia mwenyewe wimbo ya arusi. Innocent aliitunga baada ya kaka yake kumuandikia kutoka Uvira kwamba asimuite tena kaka. Hiyo hakutuambia siku ile. Alituambia ni komedi.

Gauni nilishonea mu nyumba ya Mama Mukubwa, dada ya mama yangu. Yeye njo alinipokea nilipofika hapa na mimba na mufuko moja. Gloire alizaliwa ku mikono yake. Yeye vilevile njo mukubwa wa kwaya ya bamama. Akinifukuza, mi na mutoto hatuna pa kwenda. Hiyo ukumbuke wakati unacheka.

Nilinunua mapazia meupe mawili ya kaunjika, mitumba ya hapa, nikaikata, nikaishona, nikaitundika ku musumari. Mama Mukubwa akasimama mbele yake, mikono ku kiuno.

"Ni robe ya nani?"

"Ya bibi arusi moja, Mama. Ndoa iko Kawale, Jumamosi. Ule nyumba ya geti ya bluu, nyuma ya soko."

Akapima mabega ya gauni kwa mikono yake, akaipima tena.

"Huyu anabebaka magunia ya mahindi ku soko ya Mponela?"

"Iko mutu wa nguvu, Mama."

"Na bantu yake ni banani? Nani anamusindikiza?"

Hapa njo nilikosea. Nilitaka kufunga mulango ya maulizo. Nikasema: "Hana mutu. Hana mama, hana shangazi, hana mutu hata moja."

Mu Dzaleka neno hiyo haifunge mulango. Inaing'oa.

Mutu anaoa hapa na ndugu zake bako Fizi, ao Bujumbura, ao chini ya udongo. Basi bamama ya kanisa njo banageuka ndugu. Banamuvalisha, banamuimbia, banamupa sufuria. Hiyo desturi naijua vizuri, mi mwenyewe nimeshabeba sufuria ya bengine ku kichwa. Lakini siku ile akili yangu ilikuwa ku mikunjo ya gauni. Mama Mukubwa alisema tu "Ah," akaenda kutwanga sombe yake, majani ya muhogo. Nikawaza imeisha.

Jumamosi asubuhi Kawale, Madame alikuwa tayari. Alikuwa muzuri mpaka nikaona aibu ya mashono yangu. Chisomo alikuwa amepanga viti kumi na mbili tupu, anasema utupu unapendeza ku picha. Aline alikuwa anakaza nyuzi za gitaa. Gloire nilikuwa nimemuacha nyumbani na Mama Mukubwa.

Kisha tukasikia gari nje ya geti. Kisha bantu bengi. Innocent akasema, na sauti yake ya kweli: "Polisi."

Ilikuwa kwaya.

Chisomo alifungua kidogo ili aangalie, na bamama bakaingia kama maji. Kumi na moja. Bamevaa kitenge ya namna moja, bameshuka ku matola, ile pikapu ya kubeba mizigo na bantu pamoja. Bako na mukeka, sufuria kubwa, kuku muzima, na Gloire ku mugongo ya Mama Mukubwa. Sisi watatu tulingojea karatasi ya ruhusa ya kutoka kambi wiki nzima. Bamama baliandika "ndoa ya yatima", bakapewa siku ileile.

"Iko wapi mutoto yetu?"

Madame alijaribu kukimbilia choo. Mukia ya gauni ikashikwa ku kiti. Kosa yangu, niliikata ndefu. Mama Mukubwa akamushika mukono, akamuangalia sura, akainamisha kichwa, akaangalia tena.

"Sura hii naijua. Hauna kaka ku soko ya Dzaleka?"

"Niko naye, Mama," Madame akasema, na ile sauti nyembamba ya mazoezi ya miezi. "Kinyozi."

"Njo nilisema! Ananyoaka bwana yangu ndevu. Kijana wa heshima. Mbona unasema hauna mutu?"

"Hatuonekanake pamoja, Mama."

"Nitamugombeza," Mama Mukubwa akasema. "Jumamosi nzima ya dada yake, na yeye hata kuku hakutuma. Sasa bwana arusi iko wapi?"

Bamama kumi na moja bakanyamaza. Kuku akaanza. (Njo sababu tulimuita Pasta: kila mutu akinyamaza, yeye anaanza.)

Aline iko na nywele fupi na alikuwa amevaa suruali. Chisomo hakuuliza mutu. Alivua koti yake akamuvalisha, akamuwekea kofia, akamusukuma mbele.

"Huyu?" mama moja akasema. "Bibi atamubeba ku mugongo!"

"Muache," mwengine akamujibu. "Bafupi njo banajuaka kazi."

Bakacheka mpaka bakashikana. Aline alitoka jasho mpaka koti ikabadilika rangi.

Balimukalisha Madame ku mukeka. Kila mama akamupa neno moja: namna ya kutunza feza, namna ya kunyamaza, namna ya kukataa kunyamaza. Mwisho Mama Mukubwa akafungua kitenge yake ya juu, akaifunga ku kiuno ya bibi arusi, akakaza.

"Usiseme tena hauna mutu," akamuambia. "Leo uko na kumi na moja. Mutu akikuuliza kwenu, sema kwenu ni Dzaleka, kwa Mama Mukubwa, mulango ya kijani."

Na Innocent akalia.

Si Madame. Madame analiaka na kidole kimoja, pole, asiharibu rangi. Hii ilikuwa kilio ya mutu muzima, mabega yote, na mushono yangu ikapasuka ku mugongo. Poda ikashuka, na chini ya poda ndevu za asubuhi zikaonekana kama muchanga. Mama moja muzee akamupangusa sura kwa kitenge. Mi nilifunga macho, nikaanza kuhesabu mu akili nguo za Gloire za kubeba tukifukuzwa.

"Na hizi nywele za kidevu usizionee haya," nikasikia mama anasema. "Dada yangu alikuwa nazo. Alizaa tisa."

Aline alipiga gitaa kwa nguvu, bwana arusi anayepiga gitaa ku ndoa yake mwenyewe, na hakuna mutu aliona ajabu. Baliimba mpaka saa nane. Viti ya Chisomo ilijaa. Kimoja kilibaki, Gloire akapanda juu.

Chisomo alishuti yote na kamera yake. Ku geti, bamama bakienda, alituambia hajawahi kushuti kitu kama hiyo. Innocent alishatoa wigi, amekaa ku mukeka na gauni yake iliyopasuka. Alisema: "Haitaonyeshwa mpaka bajue ni nani balimuimbia." Kisha akanipa ile sufuria ya bamama. "Rudisha. Siku Mama Mukubwa akinipa tena, akijua ni mimi, nitapika."

Nilirudi nayo ndani ya mufuko ya vitambaa. Iko chini ya kitanda toka Jumamosi. Na Jumamosi inayokuja, kwa desturi, bamama bataenda kumuangalia bibi arusi, kuona kama sufuria imeungua chini. Siku tano.

Lakini hiyo haiko neno ya mu kifua. Neno ni hii.

Jana, kutoka kanisa, tulikuwa tunachambua sombe, mi na Mama Mukubwa.

"Ule bwana arusi simupende," akasema.

"Juu ya nini, Mama?"

"Bibi yake analia pale, yeye macho iko kwako tu. Siku nzima."

Majani ikanianguka.

"Na wewe vilevile," akasema, bila kuniangalia. "Toka Gloire azaliwe sijakuona unaangalia mutu hivyo. Nilifurahi. Kisha nikakumbuka ni bwana wa mutu, furaha ikaniuma. Nikasema: Mungu, huyu kijana mufupi, mupole, mwenye gitaa, kwa nini hakumupata mutoto yangu kwanza?"

Nilichambua sombe mpaka nikachambua na vijiti.

Toka jana najiuliza. Mutu anaweza kuona vizuri hivyo, na asione? Na akiambiwa ile hajaona, ataacha kupenda ile ameona? Sijue. Anaweza kuniambia nitoke. Anaweza kukaa chini akacheka. Ule mwanamuke hata kucheka kwake sijue kunakuja wakati gani. Lakini Jumamosi sitaki bamama kumi na moja bagonge geti ya bluu, na mi nitafute uongo mwengine mukubwa kuliko matola.

Nimetoa sufuria chini ya kitanda. Nimeiweka katikati ya nyumba, pale hauwezi kupita bila kuigonga na muguu. Nawaza nianze kumuambia habari ya nani, Innocent ao Aline. Nafikiri nianze na Aline. Ile njo habari nzuri: Mama, furahi tena, hana bibi.

Ngoja. Gloire ameamuka. Ameona sufuria. Anaipiga na sapatu.

Na ku njia nasikia mutu anaimba ile wimbo ya arusi, anakaribia. Wimbo imekatika.

"Mama Gloire! Ni sufuria gani hiyo inalia mu nyumba yangu?"

Mulango ya kijani inafunguka. Naacha kuandika.