Maelezo ya Mama Pacha Kuhusu Mwalo Uitwao Bibi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada. Shahidi anafahamika mtaani kama Mama Pacha.
Umri: miaka 39
Kazi: mpishi wa shule ya msingi
Makazi: nyumba za nyuma ya kiwanda cha matofali, karibu na kijito
Uhusiano na mtuhumiwa: mke wake
Uhusiano na majeruhi: binti yake wa kumzaa
Yameandikwa: Alhamisi tarehe 16, kuanzia saa nne asubuhi

Nimeelezwa na afande anayeandika kwamba nikisema uongo nitashitakiwa. Nimeelewa. Nimeambiwa pia kwamba silazimiki kutoa ushahidi dhidi ya mume wangu. Sijaja kusema dhidi yake. Nimekuja kwa sababu kwenye ile simu tulikuwa watu wawili, na mpaka leo mmeandika ya mmoja tu.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mwaka jana macho yalianza kumsumbua kwa ule mwanga na daktari akamkataza kazi. Mtu aliyezoea kazi ukimkalisha nyumbani anageuka balaa. Alitengeneza kila kitasa cha nyumba, hata vile vilivyokuwa vizima, na viwili kati ya hivyo havifungi hadi leo. Ndipo akaanza kwenda kijitoni na karai kuosha mchanga. Akaokota punje mbili tatu za dhahabu, ndogo kuliko chembe za sukari. Tuliomba kibali cha kutafuta madini, tukapewa, na nakala nimekuja nayo.

Karai lilimchosha mgongo, akaamua kutengeneza mwalo. Afande ameniomba nieleze mwalo ni kitu gani, maana yeye si mtu wa kijitoni. Ni mfereji wa mbao, uko wazi juu na ncha zote mbili, na unasimamishwa ukiwa umeinama kidogo. Unamwaga mchanga kichwani, maji yanausukuma kuelekea miguuni. Dhahabu ni nzito, inazama na kunaswa, mchanga unaenda zake. Ndani unatandika zulia lenye manyoya, na juu ya zulia unapigilia vibao vyembamba vya kukatiza maji. Mbao alizitoa kwenye kabati letu la nguo. Nilimnunia wiki nzima, na nguo zangu ziko kwenye maboksi mpaka sasa.

Zulia alilitoa mama yangu. Lilikuwa la sebuleni kwake, na tangu nikiwa mtoto hakuna aliyeruhusiwa kulikanyaga na viatu. Alilikata mwenyewe kwa mkasi, akasema bora lifanye kazi kuliko kukaa linatazamwa. Watoto wangu wakawa wanasema zulia la Bibi, kisha mwalo wa Bibi, mwisho ikabaki Bibi tu. Mume wangu alilipokea jina kwa mikono miwili, maana mama yangu ana mkono wa birika, akishika kitu haachii, na alisema hiyo ndiyo sifa ya mwalo mzuri. Mama hakukasirika hata kidogo. Alikuwa anashuka kijitoni na kigoda chake, anakaa, anauliza, "Mkwe, leo nimeamkaje?" Naye anamjibu, "Umeamka na njaa, Mama, hujala mchanga tangu jana." Wao walikuwa wanacheka, mimi ndiye niliyekuwa naona aibu kwa niaba yao.

Naomba afande aandike hili kama ninavyolisema. Mume wangu hajawahi hata siku moja kumwita mama yangu Bibi. Anamwita Mama. Watoto wanamwita Bibi, majirani wanamwita Bibi, mwenye duka anamwita Bibi. Kinywani mwa mume wangu Bibi ni mwalo. Na kwa kuwa mwalo una jina la mtu, anauzungumzia kama mtu. Mwingine angesema "nimeulaza." Yeye anasema "nimemlaza." Herufi moja hiyo ndiyo iliyomweka mahabusu.

Mwalo uliposimamishwa mara ya kwanza ulikataa kazi. Kichwa kikiinuka mno, maji yanakimbia na kila kitu kinatoka, hata dhahabu. Hapo alikuwa anasema Bibi anatapika. Kikiinuka kidogo mno, mchanga unajazana kati ya vibao na kushindiliwa. Hapo anasema Bibi amevimbiwa. Anatakiwa akae kati ya kutapika na kuvimbiwa, na kumfikisha hapo si mchezo. Mume wangu alikuwa akitoa tofali, anaweka nusu tofali, anatoa, anaweka kipande cha kigae. Kila ukigusa mteremko lazima uguse na maji, uyapunguze au uyaongeze pale yanapoingilia, na ukishagusa maji mteremko nao unaukuta haufai tena. Kupunguza mteremko ndiko kunakoitwa kulaza.

Ili ajue kama amepatia, alichukua risasi za kuzamishia nyavu, akazikatakata, akazigonga nyundo zikawa bapa, akazipaka rangi yangu ya kucha ili zionekane. Anazimwaga kichwani pamoja na mchanga, halafu anaangalia zimenasa wapi. Zikibaki kwenye vibao vya kwanza, mwalo uko sawa. Zikifika miguuni, bado. Vile vipande vyekundu mlivyovikuta mfukoni mwake, mkaandika ni vidonge visivyojulikana, ndivyo hivyo. Naomba mtu asije akavimeza.

Mnamo tarehe 14, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi hivi, nilikuwa jikoni shuleni nikimenya vitunguu, simu ikaita. Alikuwa mume wangu. Alikuwa amepanda mpaka kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba ya fundi cherehani, jirani yetu, kwa sababu kijitoni mtandao haushiki. Mazungumzo yetu yalikuwa haya.

Nilimwuliza, "Vipi, maji bado yanakimbia?"

Akasema, "Wapi! Bibi nimemlaza. Alikuwa anatapika kila ninachompa, sasa ametulia."

Nikamwuliza, "Una hakika, au ni kama vile vitasa vyangu?"

Akasema, "Nimemjaribu na kumjaribu tena. Hatapiki. Jioni namvua zulia tuone amebakiza nini. Ila usimwambie mtu kwanza."

Alisema nisimwambie mtu kwa sababu neno dhahabu likisikika, kesho yake kijito kizima kina majembe. Nilicheka. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kabla ya macho kuharibika, na nilikuwa sijaisikia muda mrefu. Nilitaka aendelee kuongea nikasahau hata vitunguu.

Halafu nilimsikia anapiga kelele, "Mama! Mama!" Nikasikia kishindo, simu ikakatika. Nilipopiga tena haikupokelewa.

Nimeulizwa kama huenda alikuwa ananiita mimi. Mimi haniiti Mama. Ananiita Pacha, na akiwa amekasirika haniiti kabisa.

Nimeulizwa kuhusu fundi cherehani. Sina kinyongo naye. Alikuwa dirishani na cherehani yake, akasikia Bibi, akasikia nimemlaza, anatapika, ametulia, usimwambie mtu. Baada ya muda mfupi akamwona mume wangu anapanda kutoka kijitoni amembeba mama mgongoni, shati limelowa damu. Ningekuwa mimi dirishani ningepiga yowe mpaka kiwanda kisimame. Ndiye aliyesimamisha gari, na ndiye aliyemshika mama kichwa njia nzima. Kisha akaja hapa kituoni akasema alichokisikia, na alisema kweli. Alisikia vizuri sana. Ila maswali yangu hakuyasikia, alisikia majibu tu.

Nilifika hospitali kabla ya saa saba mchana. Mume wangu alikuwa ameshachukuliwa. Mama alikuwa amefungwa bandeji kichwa kizima, hasemi, hafumbui macho. Dada mmoja wa pale koridoni akanivuta pembeni, akaniambia mume wangu amesikika akisema amemlaza. Afande, nitalisema hili japo hukuniuliza. Pale koridoni sikuukumbuka mwalo. Nilimwona mama yangu alivyolala, nikamchukia mume wangu. Nilikaa kwenye benchi nikawa nayarudia yale maneno, amemlaza, amemlaza, mpaka nikayasikia kwa sauti yake, na nikakumbuka kwamba mtu aliyeambiwa maneno hayo ni mimi, na nilicheka.

Jana asubuhi nilishuka kijitoni peke yangu. Kigoda cha mama kimesimama mahali pake, hakijaanguka. Upande wa kichwa cha mwalo kuna tofali limetoka chini ya mguu wa mbao na kuangukia majini, kwa hiyo mwalo wenyewe umekaa upande. Jiwe la pale lina utelezi wa kijani, na katikati ya ule utelezi kuna mkwaruzo mrefu. Chini yake kuna jiwe lingine, lina damu. Ndala moja ya mama imenasa kwenye vibao. Kuanguka kwake sikukuona na sitasema nimekuona. Ninachoamini ni kwamba mume wangu alipopanda kupiga simu, mama aliona tofali linacheza, akainuka kulinyoosha. Yeye hawezi kuona kitu kimekaa upande akakiacha. Akienda kwa watu anawanyooshea hata picha za ukutani. Sikugusa kitu. Zulia liko palepale, halijavuliwa. Kama lina dhahabu au halina sijui, sikutazama.

Nimeulizwa kama mume wangu na mama yangu wana ugomvi. Ndiyo, wanagombana kila siku. Wanagombania mteremko. Mama anasema umezidi, mume wangu anasema haujazidi, mama anasema yeye amekula chumvi nyingi na anajua maji yanavyokwenda, mume wangu anasema chumvi si mchanga. Kisha anashusha mwalo kama alivyoambiwa, kimyakimya, ili asionekane ameshindwa. Ugomvi mwingine siujui.

Mama alizinduka leo alfajiri. Daktari amekataza asihojiwe na mtu yeyote, ndiyo maana nimekuja mimi. Anaongea kwa shida, upande mmoja wa mdomo haujarudi. Hakuuliza kichwa chake kina nini. Alisema, "Mwanangu yuko wapi?" Mimi ndiye mtoto wake wa pekee, na nilikuwa nimesimama mbele yake nimemshika mkono. Alikuwa anamwulizia mume wangu.

Nilimwambia ameenda kutafuta dawa, atakuja saa ya kuona wagonjwa. Akasema atamsubiri. Nesi ananiambia tangu wakati huo amekataa hata maji, akiguswa anauliza kama ni yeye. Saa ya kuona wagonjwa ni saa kumi jioni. Afande, mdomo ninao, wewe mwenyewe umechoka kuandika. Lakini nikiingia tena peke yangu mle ndani sina cha kumwambia mama yangu. Kama mna la kuchunguza, kijito hakijahama, nendeni leo. Namwomba mume wangu leo, si kesho.

Niliyoyasikia kwa masikio yangu nimeyasema, niliyoyaona nimeyasema, na nisiyoyaona nimesema naamini tu. Nimesomewa maneno yangu, nimeyakubali, nimetia sahihi kwa hiari yangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

TAARIFA YA ASKARI ALIYEANDIKA

Maelezo haya nimeyaandika mwenyewe kwa lugha ambayo shahidi anaielewa, nikamsomea. Ameomba nisahihishe sehemu moja nilipokuwa nimeandika "nimeulaza." Nimesahihisha.

Saa saba mchana nilikwenda kijitoni nikiwa na fundi cherehani. Tumekuta kigoda, tofali, mkwaruzo, ndala na damu kwenye jiwe la chini kama shahidi alivyoeleza. Hakuna damu wala dalili ya purukushani mahali pengine. Nilirudisha tofali chini ya mguu wa mwalo na kumwaga kichwani baadhi ya vipande vyekundu vilivyochukuliwa mfukoni mwa mtuhumiwa. Vyote vilibaki kwenye vibao vya kwanza, na nimevirudisha kwenye vielelezo.

Fundi cherehani alipohojiwa upya amekiri kwamba baada ya yale maneno ya simu alisikia sauti ya mtuhumiwa ikiita "Mama! Mama!" na akamwona anateremka mbio. Alipoulizwa kwa nini hakulisema hilo Jumanne, alijibu kwamba hakuulizwa, kisha akalia. Simu ya shahidi inaonyesha mazungumzo hayo ya saa nne, na baada yake majaribio kadhaa ya kupiga yasiyopokelewa.

Mkuu wa kituo amesoma jalada na kuamuru mtuhumiwa aachiwe. Ametolewa mahabusu saa tisa na dakika arobaini alasiri na kukabidhiwa kwa mke wake. Viatu na mkanda wake havijachukuliwa. Ameambiwa asubiri mwenye ufunguo wa stoo, amesema hana nafasi, ameondoka pekupeku. Vimetolewa stoo baadaye, viko kaunta.