Maana ya Ule Mstari wa Uji

Kambi ya chai, Kericho

Dada yangu Awino,

Kabla hujasoma zaidi, jua umeshika barua ya mtu ambaye hapa Kericho meneja mwenyewe haanzi kazi bila kuuliza kama ameamka. Kutoka hapa mpaka Litein, ukitaja nyuzi za nyatiti unaonyeshwa mlango wangu. Mimi ni mzima, ni kifua tu na hii baridi. Wewe je? Magoti ya mama yamepoa? Na ile ng'ombe nyekundu ilizaa?

Habari ya huku si nzuri. Unamkumbuka Odhiambo, jirani yetu wa huko nyumbani, aliyekuwa anachochea kuni kwa boila ya kiwanda. Kifua kilimbana akafa. Kabla mwili haujasafirishwa, kambi ilinitafuta nimwimbie. Nani mwingine? Niliimba mpaka nyapara akaketi kwa matope. Hata ndege walinyamaza. Katikati nikasema, "Aliyempa uji asubuhi ndiye aliyezima moto." Watu wakaguna, wakasema hapo kuna jambo zito. Mmoja alikuwa na redio ya kaseti, akanasa. Siku hizi inalia madukani mpaka Chepilat.

Sasa, aliyempa uji asubuhi ni nani kama si mkewe, Rispa? Hakuna aliyemshtaki. Wanawake waliacha tu kumwazima chumvi, na akifika kwa mfereji wanatoa mitungi yao.

Alinijia mchana, karibu na mizani ya chai.

"Shemeji, ule mstari ulimaanisha nini?"

"Wimbo si mkutano wa chifu, shemeji. Msanii hatafuni chakula akakutia mdomoni."

"Sikuombi unitafunie. Niambie tu kama kuna sumu ndani."

Nilicheka, dada. Watu walikuwa wanasikiza. Nikamwambia mambo ya ndani hayafafanuliwi. Akabeba kikapu chake akaenda.

Tangu hapo sina amani. Asubuhi ukungu ukishuka humwoni hata mtu wa safu ya pili, unasikia majani yakikatika tu. Halafu mmoja anaanza ule mstari, mwingine anaupokea mbali, sauti bila nyuso, mpaka unanifikia. Na nyuma yangu kabisa mtu anakohoa kama Odhiambo. Nikigeuka ni chai tu. Hakohoi kwa hasira. Anakohoa kama mtu anayengoja zamu yake ya kuongea.

Juzi Rispa alipata habari kuwa ndugu za marehemu huko nyumbani wamesikia hiyo kaseti, na Jumamosi wanakuja kumnyang'anya watoto. Ndiyo maana barua hii nampa dereva wa lori, isingoje posta. Isome mbele yao kabla hawajapanda gari. Hapa kambini bado sijapata mdomo wa kusema.

Nilizoea kujigamba kwamba wimbo unaoeleweka na kila mtu ni wa watoto. Lakini siku ile naimba, Rispa alikuwa ameketi pale chini analia. Alikuwa na haki ya kujua ninasema nini juu ya mume wake.

Nisalimie mama, na mume wako shemeji yangu, na yule fundi cherehani aliyenishonea koti.

Ni mimi kaka yako, nyatiti ya Kericho nzima,

Ouma

Wakiuliza maana, waambie hivi. Nilisahau mstari niliokuwa nimetunga. Sikuwa nimekula tangu jana yake, macho yangu yalikuwa kwa wanawake waliokuwa wanagawa uji, na niliogopa utaisha kabla sijamaliza kuimba.