Matanga ya Soko

Mujukuu wangu Zaina,

Huku Kindu tuko wazima. Mama yako bado anauza muchele sokoni Kasuku, na mguu wangu umeacha kunisumbua.

Unaniuliza kama kukaa chini mbele ya ofisi ya chuo, wewe na wanafunzi wenzako, kutabadilisha kitu. Nikuambie jambo moja la wakati wa vita. Mengine ya vita niachie mimi.

Maaskari walikuwa wamefunga soko na kukataza mikutano. Lakini matanga hakuna mutu anayeyakataza. Basi sisi wamama tulifunga vitambaa kichwani, tukatandika mikeka mbele ya soko, tukakaa kimya kama watu waliofiwa. Kamanda akafika. Alipotuona akavua kofia, maana njo desturi, kisha akauliza taratibu, "Poleni, wamama. Nani amekufa?"

Dada yangu Fatuma akamujibu, "Soko, baba."

Nilimuogopea. Lakini kofia ilikuwa tayari mukononi, na kuirudisha kichwani mbele ya wafiwa kulimushinda. Akaondoka nayo vilevile mukononi. Tulikaa matanga yetu siku tatu. Siku ya ine soko likafunguliwa.

Sisemi kila mukubwa iko na haya. Wengine hawana hata kofia ya kuvua. Lakini tangu siku ile, mutu akiniambia kitu hakiwezekani, ninamuacha aseme.

Nimekutumia samaki wakavu wa Lokandu, pamoja na ule mukeka wangu wa matanga ya soko. Umeraruka kando, lakini wanaenea watu watatu.

Koko wako, Mwamini