Maji Hayana Shangazi

Jumatatu, 4 Machi

Makundi yamepangwa! Kozi yetu ya mazingira inachanganya watu wa fani zote, na leo ndiyo nimeelewa maana yake. Mimi wa kemia. Mheshimiwa wa sheria – tunamwita hivyo kwa sababu hata kuomba kalamu anaanza na "kwa heshima na taadhima". Faida wa uchumi. Kila kitu anauliza faida iko wapi. Kazi yetu: kijito cha nyuma ya chuo kina povu, tutafute linatoka wapi. Jumanne ya wiki ijayo tunawasilisha ukumbini, mbele ya wakazi na watu wa baraza la mji. Tumebishana kweli! Kwangu povu ni sabuni. Kwa Mheshimiwa ni kosa. Kwa Faida ni gharama ambayo mtu kamsukumia jirani. Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Shangazi naye kauliza ni kozi gani hiyo isiyo na jina moja. Nikasema ni mchanganyiko. Kumbe kama nguo za mteja mvivu, akasema, nyeupe na za rangi ndoo moja! Shangazi ni dobi. Chumba changu kiko juu ya mashine zake, nalala na mngurumo.

Jumatano, 6 Machi

Tumechota maji kuanzia chemchemi mpaka chuoni. Mheshimiwa kateleza, kalowa mpaka kiunoni. Akatangaza kwamba anahifadhi haki zake zote.

Alhamisi, 7 Machi

Maajabu! Sampuli zote zina sabuni. Hata ya chemchemi, ambako hakuna hata kibanda! Nikamuuliza Mheshimiwa, mtunza chupa, alizifanyia nini. Kwa fahari kabisa: alizisugua kwa sabuni ya vyombo, mara mbili, ili ushahidi usichafuke. Akili nyingi huondoa maarifa! Profesa wetu wa kozi kacheka mpaka kavua miwani. Tunarudia Jumamosi.

Jumamosi, 9 Machi

Chupa nimesuuza mwenyewe, maji matupu. Chemchemi – safi. Darajani – safi. Chini ya mtaa wetu – povu. Tukapanda pole pole huku tunachota, mpaka kwenye bomba linalotokeza ukutani. Linatoka povu kama maziwa yanayofurika sufuria. Faida akapiga makofi: kikulacho ki nguoni mwako, kumbe ni hapa hapa mtaani! Halafu akaniona uso.

Juu ya ukuta ule kuna kamba. Shuka zile nazijua. Nilizianika mwenyewe asubuhi.

Jumatatu, 11 Machi

Kikao. Mheshimiwa anasema ndugu wa mshtakiwa hakai kiti cha hakimu, nijitoe. Faida ndiye kanishangaza. Kapiga hesabu zake: shimo moja la kuchujia, madobi wote wa mtaa wachangie, ni nafuu kwa kila mtu kuliko kufunga biashara. Nilitaka kumkumbatia. Lakini baraza likiamua kufunga kwanza na kuuliza baadaye? Sabuni ile ndiyo imenisomesha. Kila kitabu, kila nauli, mpaka kalamu hii. Naogopa, basi, nimesema.

Nikamuuliza Profesa je, tukiandika "chanzo bado hakijulikani"? Kaweka kidole kwenye ramani yetu, pale tulipochora bomba.

"Mwanangu, maji hayana shangazi."

Ila mimi ninaye, akaongeza, kwa hiyo nimwambie kabla hajajiona ukutani kwa projekta.

Jioni nikajaribu. Nikafungua mdomo kabisa. Nikaomba chumvi.

Jumanne, 12 Machi

Nimeamka, koti langu la maabara linaning'inia mlangoni. Shangazi kalifua, kalipiga pasi mpaka kola imesimama yenyewe. Lile doa la zambarau lililonishinda mwaka mzima, mimi mtu wa kemia – halipo! Nimelinusa. Sabuni ile ile.

Nimechungulia chini. Mashine kimya. Mlangoni kabandika karatasi: LEO HATUFUI. MTOTO WETU ANAONGEA CHUONI. Kawaalika wateja wake wote, eti mstari wa mbele ni wao. Kavaa lile gauni la harusi za watu. Nilicheka, kisha nikarudi kuketi na daftari hili.

Amepanda sasa hivi kuja kuniona nimevaa. Nimemwambia Shangazi, kaa kidogo, kuna jambo. Kaketi kitandani, koti mapajani, analitoa uzi ambao haupo. Nimeomba nimalizie kwanza kuandika – uoga mtupu, najijua.

"Andika, mwanasayansi wangu, andika. Ila nidokeze tu: huyo mwenye povu mmeshamjua? Maana nimewaambia wateja wangu wote, akitajwa tu, tunamzomea!"

Anacheka mpaka kitanda kinatikisika. Ramani iko chini ya mto wangu. Naweka kalamu, naivuta.