Pedi za Gari la Baba

Mazwi, Sumbawanga
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu Tadei,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mpanda, wewe na wifi na watoto wote. Sisi huku hatujambo, isipokuwa baridi ya mwezi huu inatukata masikio, na mama goti lake la kushoto linamsumbua kila anapoinuka. Ulezi tumeshavuna, mahindi yako kihengeni. Habari zako lakini? Nauliza kwa sababu simu zangu hupokei, na siku ukipokea unasema mtandao mbovu. Ndiyo maana nimeamua kuandika na kumpa kondakta wa basi akufikishie mkononi.

Kwanza nikupe habari za gari. Najua uliniambia nisiliguse. Ulinikataza mara nyingi mpaka nikaanza kushangaa. Ulisema mwanamke anayeshindwa kufungua chupa ya soda asisogelee gari la marehemu, na kwamba utakuja na fundi wako kutoka huko huko alifungue yeye. Sawa kaka. Lakini misa ya mwaka ya baba imekaribia, tunashuka Ilemba kusimika msalaba, na ukoo umeshasema kwamba wewe mtoto wa kwanza ndiye utakayeshika usukani wa gari lake mpaka kaburini. Bodi walishainyoosha baada ya ajali, injini inawaka, ila ukikanyaga breki ni kama umekanyaga uji. Litashukaje ule mlima? Nikaona ngoja nifunge pedi mpya za breki mwenyewe. Unanijua, nikiambiwa sitaweza ndipo kichwa kinapata moto.

Shigela, jirani yetu fundi pikipiki, alikubali kuniazima vifaa na kunielekeza kwa mdomo. Kushika alikataa, alisema magari si kazi yake, na nadhani alitaka tu kuona sinema ya bure. Akaipata! Nilipiga jeki kwanza, kisha ndipo nikaanza kulegeza nati. Gurudumu likawa linazunguka na mimi nazunguka nalo. Shigela alicheka mpaka akakohoa, akasema maisha yake yote hajaona mtu anacheza ngoma na tairi. Nikashusha, nikalegeza nati gari likiwa chini, nikaweka mawe nyuma ya magurudumu, nikainua tena, na chini nikaingiza gogo, maana jeki ikiteleza haina msamaha. Akanielekeza kwamba kile chuma kinachobana pedi nisikiache kining'inie kwenye mpira wa mafuta ya breki, nikifunge kwa waya. Na kila nati niliipanga juu ya gunia kwa mpangilio ule ule wa kuzitoa. Vidole vilichubuka, kitenge changu cha kanisani kikaharibika kabisa, lakini pedi nilizitoa.

Pedi zilipotoka, hata mimi nisiyejua kitu nilishtuka. Ule upande unaobana diski haukuwepo. Ulikuwa umebanduka wote, kimebaki chuma kitupu kinachosaga chuma. Shigela hakucheka tena. Alizigeuza, akazikwaruza kwa kucha, akasema hizi hazikuisha kwa kutumika, zimebanduka zikiwa bado mpya. Alisema mtu aliyeshuka mlima na pedi hizi alikanyaga breki mpaka mguu ukagusa bati, na gari likamkatalia.

Kaka, nilikaa chini pale pale kwenye mafuta.

Nilikumbuka maneno yako msibani. Ulisimama mbele ya waombolezaji, paroko akisikia, ukasema mzee alikuwa ametoka kunywa, ndiyo sababu kona ikamshinda. Watu wakatikisa vichwa. Baada ya maneno yale nani angehangaika kufungua gurudumu? Tangu siku hiyo mama hakai tena benchi la mbele kanisani. Anasema yeye ndiye aliyemmiminia baba pombe ya ulezi mchana ule, kikombe kimoja cha kushushia chakula, kwa hiyo yeye ndiye aliyemuua. Kila asubuhi anaanza rozari kwa kumwombea mume mlevi. Mume ambaye hakulewa! Namsikia nikiwa jikoni, na tangu jana natamani kuziba masikio.

Sasa unajua huku dukani hawakuuzii spea kwa maneno, lazima upeleke ile ya zamani kama sampuli walinganishe. Nilizifunga zile pedi kwenye gazeti nikampelekea Husna, binti wa mzee Huseni, mwenye duka la spea kule sokoni. Alizitazama, akaniuliza nimezitoa kwenye gari gani. Nilipomwambia, akafunika mdomo kwa ushungi. Alisema aliziuza yeye, wiki ile ile kabla ya msiba, kwa mtu aliyemwambia gari lenyewe linazunguka hapa hapa mjini. Alimwonya kwamba hizi ni feki za bei ya chini kabisa, zisithubutu kushuka mlima. Mtu yule akajibu kwamba anajua. Halafu akamwomba boksi tupu la pedi oji, zile halisi za kiwandani. Husna akampa, akidhani anataka la kuwekea misumari.

Lile boksi nalijua, kaka, na wewe unalijua. Ulimletea baba, ukamwambia umemfungia oji kwa hela yote ya mahindi aliyokukabidhi. Maskini mzee alilizungusha mtaa mzima, hata kwa katekista alilipeleka. Alisema ndani ya gurudumu yeye haoni kitu, lakini mwanawe anamwona.

Mama sijamwambia. Kazi hiyo ni yako.

Pedi mpya nimenunua, tena seti mbili. Moja ni oji. Nyingine ni zile zile zako, Husna bado anazo. Alinisihi nisizichukue, nikamwambia ni za kumbukumbu. Kesho nafunga seti moja, na nyingine naitupa chooni. Mama nimemwombea nafasi kwenye gari la parokia, na ndugu wengine wote watapanda humo humo. Gari la baba utashuka nalo wewe peke yako, kama ukoo ulivyotaka. Ukiona bora upande la parokia, ruksa, nafasi haitakosekana. Ila itabidi kwanza uwaambie watu, mama akiwa pale pale, kwa nini mtoto wa kwanza anaogopa gari la baba yake.

Usinipigie kuniuliza nimefunga zipi. Boksi nitakuachia kwenye kiti cha dereva, na limeandikwa oji.

Sina mengine zaidi. Msalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Mama naye anakusalimu. Ameniomba nikuandikie kwamba anakushukuru kwa jinsi ulivyomtunzia baba gari lake, na kwamba kila siku anakuombea safari njema.

Ni mimi mdogo wako, tumbo moja,

Monika